Alichosema Roosevelt, na Alichotia Sahihi

Kila msimu wa mahafali ukifika, kuna kipande cha hotuba ya Theodore Roosevelt kinachozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Kinasema heshima haimwendei mkosoaji anayewanyooshea wenzake vidole. Inamwendea yule aliyeingia uwanjani mwenyewe, uso umetapakaa vumbi, jasho na damu. Roosevelt aliyasema hayo Paris, Chuo Kikuu cha Sorbonne, tarehe 23 Aprili 1910, mwaka mmoja na ushee baada ya kutoka Ikulu ya Marekani. Nayapenda maneno hayo. Nimewahi kuwasomea vijana waliomaliza kidato cha sita, na ningewasomea tena.

Ila sijaona hata siku moja mtu akimtumia mwenzake amri ya Roosevelt. Nami naamini bwana huyu anafahamika vizuri zaidi ukizisoma hotuba zake huku amri zake ziko pembeni, ukurasa kwa ukurasa.

Huenda ni mazoea ya kazi, maana nimeitumikia masjala muda mrefu. Mkubwa akihutubia, watu wanapiga makofi, viti vinakusanywa, siku imekwisha. Waraka ukisainiwa, hapo mambo ndiyo kwanza yanaanza. Unapewa kumbukumbu namba, linafunguliwa jalada, jalada linapanda na kushuka ngazi, na mwisho wa safari yake kuna mtu mwenye jina na cheki namba ambaye maisha yake yamebadilika, na kwenye kikao hakuwepo. Kwa hiyo nikimsoma kiongozi yeyote wa zamani, jicho langu linakimbilia kwenye karatasi zenye sahihi.

Za Roosevelt ni nyingi mno. Aliapishwa tarehe 14 Septemba 1901 akiwa na miaka 42, baada ya Rais William McKinley kufariki kwa risasi alizopigwa mjini Buffalo siku nane kabla. Amri za McKinley hazikufika 200. Za Roosevelt, hadi anakabidhi madaraka tarehe 4 Machi 1909, zilikuwa zimepita 1,000. Ni katika kipindi chake, mwaka 1907, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilipoanza kuzipa namba amri za rais, ikirudi nyuma mpaka amri moja ya Abraham Lincoln ya mwaka 1862. Kabla ya hapo zilitawanyika kwenye makabati ya wizara mbalimbali, na nyingi hazikuwahi kuchapishwa popote. Yaani amri ya rais wa nchi ingeweza kumfukuza mtu kazi, na mtu huyo asipate pa kuisoma.

Nianze na iliyo tamu. Tarehe 14 Machi 1903 Roosevelt alisaini amri yenye sentensi moja tu. Inasema kwamba kisiwa cha Pelican, kilichopo Indian River, jimbo la Florida, kinatengwa kwa matumizi ya Wizara ya Kilimo kiwe hifadhi na mazalia ya ndege wa asili. Ukitoa namba za kipimo cha ardhi, hakuna kingine. Hakuna utangulizi, hakuna sifa kwa mtu, hakuna maelezo ya sababu.

Sababu ilikuwa kofia. Wanawake wenye uwezo wa New York na London walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya ya ndege, wakati mwingine ndege mzima, na wawindaji wa Florida walikuwa wakifyeka makoloni ya ndege, makinda yakibaki viotani yanakufa njaa. Kisiwa chenyewe ni cha ekari chache tu, lakini ndicho kilichokuwa moja ya mazalia ya mwisho ya mwari kwenye pwani ile. Karibu yake aliishi mhamiaji wa Kijerumani aitwaye Paul Kroegel, fundi wa mashua, ambaye akiona boti la wawindaji alikuwa akichukua bunduki yake na kusafiri kwa tanga kwenda kuwazuia, bila cheo chochote cha serikali. Mtaalamu wa ndege Frank Chapman na wenzake ndio waliofikisha habari Ikulu. Inasimuliwa kwamba Roosevelt aliuliza kama kuna sheria inayomkataza kukitangaza kisiwa kile hifadhi. Akajibiwa hakuna, ardhi ni ya serikali kuu. Akasema basi, natangaza.

Kroegel akawa mlinzi rasmi. Bunge lilikuwa halijatenga hata senti ya kumlipa, kwa hiyo chama cha wataalamu wa ndege kikawa kinampa dola moja kwa mwezi. Hadi Roosevelt anaondoka madarakani, hifadhi za ndege alizotangaza kwa njia hiyo zilikuwa 51, na ndizo chimbuko la mfumo mzima wa hifadhi za wanyamapori za Marekani. Mwari wapo pale mpaka leo. Mimi nikiisoma sentensi ile ninamshukuru mwandishi wake kwa moyo wangu wote.

Kwenye jambo hili hotuba na amri zake zilikwenda pamoja. Tarehe 6 Mei 1903, akiwa katika safari ndefu ya magharibi, alisimama ukingoni mwa Grand Canyon kule Arizona akawaambia waliokusanyika: paacheni kama palivyo, hamwezi kupaboresha, karne na karne zimepafanyia kazi, mwanadamu anaweza kupaharibu tu. Zilikuwepo fikra za kuchimba madini na kujenga mahoteli mpaka ukingoni kabisa. Hotuba haikumzuia mtu. Kilichowazuia ni tamko alilosaini tarehe 11 Januari 1908, akitumia sheria ya mwaka 1906 ya kulinda mambo ya kale. Sheria ile ilimruhusu rais kutenga maeneo madogo yenye magofu au maajabu ya kisayansi, nayo ilisema eneo liwe dogo kadiri inavyowezekana. Roosevelt akatenga zaidi ya ekari 800,000. Mwanasiasa mmoja wa Arizona aliyekuwa na madai ya machimbo pale alikwenda mahakamani, na mwaka 1920, Roosevelt akiwa ameshafariki, Mahakama ya Juu ikasema rais alikuwa na haki.

Hapa msomaji wa kwetu atauliza swali ambalo Wamarekani wengi walichelewa kuliuliza: pale palikuwa na nani? Palikuwa na Wahavasupai, wenyeji wa asili wa bonde lile. Amri ya rais mwingine, ya mwaka 1882, ilikuwa imeshawabana kwenye ekari 518 chini kabisa ya bonde, na nyanda za juu walikokuwa wakihamia majira ya baridi kuwinda na kuokota kuni zikahesabiwa mali ya serikali. Tamko la 1908 lilikaza fundo lile lile. Ilipita miaka mingi hadi sheria ya mwaka 1975 ikawarudishia ekari zipatazo 185,000. Mtu aliyeshuhudia au kusimuliwa jinsi Wamasai walivyotolewa Serengeti mwaka 1959 haelezwi mara mbili. Maneno "paacheni kama palivyo" yana uzito tofauti kwa mtu ambaye mababu zake ni sehemu ya jinsi palivyokuwa.

Naomba hilo ulishike, nitalirudia kwa njia nyingine.

Kuna tukio la mwaka 1907 ambalo watu wa ofisini tunalielewa kuliko wanahistoria. Seneta Charles Fulton wa Oregon alichomeka kifungu kwenye muswada wa bajeti ya kilimo: rais asitenge tena misitu ya hifadhi katika majimbo sita ya kaskazini magharibi bila Bunge kupitisha. Roosevelt hakuweza kuukataa muswada, maana Idara ya Misitu ingekosa fedha. Ila alikuwa na siku chache kabla ya kuusaini. Mkuu wa idara hiyo, Gifford Pinchot, akawakusanya makarani, wakakesha wanachora mipaka kwenye ramani na kuandaa matamko. Kila karatasi ikitoka mezani inapelekwa Ikulu, inasainiwa. Misitu 21 mipya ikatengwa na mingine 11 ikaongezwa ukubwa, jumla ekari milioni 16, karibu hekta milioni 6.5. Kisha tarehe 4 Machi akausaini muswada uliomkataza kufanya alichokwisha kukifanya. Siwajui majina makarani wale, lakini nawaza meza zao, wino, macho mekundu, na msitu mzima unaookoka kwa sababu mtu fulani aliandika namba za vipimo bila kukosea.

Nataka niwe mkweli kuhusu mtu mwenyewe: hakuwa mwoga wala mvivu, na aliyoyaamuru mara nyingi aliyabeba mwilini mwake. Maafisa wa jeshi waliponung'unika kwa sababu aliamuru wathibitishe kwamba wanaweza kupanda farasi maili 90 kwa siku tatu, tarehe 13 Januari 1909 yeye mwenyewe, akiwa na miaka 50, alitoka Washington kwa farasi kabla hakujapambazuka, akafika Warrenton, Virginia, na kurudi usiku ule ule katika mvua ya barafu. Karibu maili 100 kwa siku moja. Na hotuba kwake ilikuwa jambo la kufa na kupona. Mjini Milwaukee, tarehe 14 Oktoba 1912, alipokuwa akigombea tena urais kwa chama kipya, alipigwa risasi ya kifua. Risasi ilipita kwenye kasha la chuma la miwani na kurasa 50 za hotuba alizozikunja mfukoni, ikapungua nguvu na kuishia mwilini bila kugusa moyo wala pafu. Alikataa kwenda hospitali. Alipanda jukwaani, akawaonyesha watu karatasi zilizotobolewa, akahutubia zaidi ya saa nzima.

Kwa hiyo sisemi alikuwa msema hovyo. Aliyaamini maneno yake. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kuyapita yafuatayo haraka haraka.

Mwezi Juni 1903, katika safari ile ile ya magharibi, Roosevelt alifika Springfield, Illinois, kwenye kaburi la Lincoln. Gwaride la heshima lililolizunguka kaburi lilikuwa la askari weusi. Aliwatazama, akasema inafaa sana walinzi wa kaburi la Lincoln wawe askari weusi, na kwamba yeye mwenyewe alipata bahati ya kupigana bega kwa bega na askari weusi kule Santiago, Cuba, mwaka 1898. Kisha akasema maneno yaliyokuja kuwa msingi wa siasa zake zote: mtu aliyefaa kumwaga damu yake kwa ajili ya nchi yake anafaa kutendewa haki baada ya hapo, zaidi ya hiyo hakuna anayestahili, na pungufu ya hiyo hakuna atakayepewa.

Ukiisoma sentensi hiyo taratibu utaona imejengwa kama amri. Ina kiwango cha juu na kiwango cha chini. Haiachi upenyo.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 28 Julai 1906, askari weusi wa Kikosi cha 25 cha Miguu waliwasili Fort Brown, pembezoni mwa mji wa Brownsville, Texas, kwenye mpaka wa Mexico, wakitokea Nebraska. Mji haukuwataka. Walizuiwa kwenye baa, walisukumwa njiani. Usiku wa tarehe 13 Agosti, kuelekea saa sita, milio ya bunduki ilisikika mitaani kwa dakika kama kumi. Mhudumu wa baa aliuawa, na ofisa wa polisi akajeruhiwa mkono kiasi cha kukatwa. Asubuhi watu wa mji wakasema waliowaona ni askari weusi, na maganda ya risasi za jeshi yakaokotwa barabarani. Upande wa kambi, maofisa, ambao walikuwa weupe, walikuwa wameita majina usiku ule ule wakakuta askari wapo, na bunduki zilipokaguliwa asubuhi zilikuwa safi. Baraza la washitaki la Texas halikumfungulia mashitaka hata askari mmoja.

Wakaguzi wa jeshi walitumwa kuwahoji. Kila askari alisema hajui. Wakaguzi hawakufikia hitimisho kwamba pengine kweli hawajui; walisema wamekula njama ya kunyamaza, na mkaguzi mkuu, Jenerali Ernest Garlington, akapendekeza waachishwe wote.

Roosevelt aliandika amri tarehe 5 Novemba 1906. Kesho yake ulikuwa uchaguzi wa Bunge, na kura za watu weusi wa majimbo ya kaskazini zilikuwa na thamani kwa chama chake, akiwemo mkwe wake Nicholas Longworth aliyekuwa akigombea Ohio. Amri ikatangazwa kura zilipokwisha kupigwa. Booker T. Washington, yule mwalimu ambaye Roosevelt alimkaribisha chakula cha jioni Ikulu mwaka 1901 hadi kusini nzima ikaghadhibika, alikuwa amemwomba asifanye hivyo. Hakusikilizwa. Roosevelt akapanda meli kwenda kukagua mfereji wa Panama, rais wa kwanza wa Marekani kutoka nje ya nchi akiwa madarakani.

Askari 167 waliachishwa jeshi bila heshima. Pensheni ikapotea. Walipigwa marufuku kurudi jeshini au kuajiriwa kazi yoyote ya serikali. Hapakuwa na mahakama ya kijeshi, hapakuwa na wakili, hakuna aliyeambiwa kosa lake yeye binafsi ni lipi.

Mmoja wao alikuwa Sajenti Mingo Sanders. Alikuwa ametumikia miaka 26, Cuba na Ufilipino. Kule Cuba kikosi chake kiligawana chakula na wapanda farasi wa kujitolea waliokuwa chini ya kanali mmoja mwenye miwani, na kanali huyo alikuwa Theodore Roosevelt. Hata hilo halikutosha. Mwaka 1904 utawala wa Roosevelt ulikuwa umeagiza kwamba mkongwe wa vita vya wenyewe kwa wenyewe akifika miaka 62, umri wenyewe uhesabiwe kuwa nusu ya ulemavu na alipwe pensheni, bila Bunge kupitisha sheria mpya. Kalamu iliyoweza kuwapa wazee pensheni kwa kuhesabu tu miaka yao ndiyo iliyofuta miaka 26 ya Sanders kwa mstari mmoja.

Nimejaribu kufikiri kwa nini. Jibu jepesi ni ubaguzi, na ubaguzi ulikuwepo. Katika ujumbe wake kwa Bunge wa Desemba 1906 aliandika kuhusu watu weusi kuuawa na magenge kwa namna iliyowabebesha watu weusi wenyewe sehemu kubwa ya lawama. Lakini nadhani kuna jambo la pili, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 1913 Roosevelt alieleza imani yake ya utawala: rais ana haki, tena wajibu, wa kufanya lolote ambalo taifa linalihitaji, mradi katiba au sheria haijakataza. Hilo ndilo swali la kisiwa cha Pelican. Kuna sheria inayonizuia? Hakuna? Basi natangaza. Na ndilo swali la Brownsville. Kuna sheria inayomzuia amiri jeshi mkuu kuwaachisha askari bila kesi? Hakuna? Basi natangaza. Watu wanaompenda kwa ajili ya misitu hulisoma la kwanza wakaruka la pili. Wanaomchukia kwa ajili ya Brownsville hulisoma la pili wakaona la kwanza ni kisingizio. Mimi nikiziweka karatasi mbili sambamba naona mwandiko mmoja, haraka moja, ukimya mmoja kuhusu nani ataumia. Mwari hakuhitaji kusikilizwa kabla ya uamuzi. Mhavasupai alihitaji. Mingo Sanders alihitaji.

Kitabu kile hakitaji Brownsville hata mara moja.

Na tazama ni amri ipi iliyomshinda. Agosti 1906, wiki mbili baada ya risasi za Brownsville, alimwagiza mchapishaji wa serikali atumie tahajia mpya iliyorahisishwa kwa maneno 300 ya Kiingereza. Magazeti yalimvamia, Bunge likapiga kura kumpinga, na kufikia Desemba akaiacha. Waliokerwa na tahajia walikuwa na magazeti na viti bungeni. Askari 167 walikuwa na Seneta Joseph Foraker wa Ohio, ambaye alisimama peke yake kwa miezi akidai uchunguzi, hadi wakakabiliana uso kwa uso na Roosevelt kwenye karamu moja ya waandishi wa habari mjini Washington, Januari 1907. Walikuwa pia na mwanaharakati Mary Church Terrell, aliyekwenda kumwona Waziri wa Vita William Howard Taft akamwomba asimamishe amri hiyo. Taft aliisimamisha kwa muda. Roosevelt, akiwa bado safarini, akaagiza kwa simu ya maandishi iendelee. Alichokubali kukirekebisha, Januari 1907, ni kile kifungu cha kuwanyima kazi za kiraia, kwa sababu kilizidi mamlaka yake. Uchunguzi wa Seneti ulipokwisha, askari 14 tu ndio walioruhusiwa kurudi jeshini.

Alipoachia madaraka alikuja kwetu. Meli ilimshusha Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, akiwa na mwanawe Kermit, kwa safari ya kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Alipita nyika za Kapiti, Uganda, Kongo, hadi Khartoum mwezi Machi 1910. Yeye na mwanawe waliua wanyama wakubwa 512. Sina nia ya kuisimulia safari ile, imesimuliwa sana. Kinachonihusu hapa ni kwamba sasa hakuwa na kalamu, alibaki na hotuba tupu, na hotuba zenyewe alizitoa mbele ya watu ambao kalamu wanayo. Cairo, mwezi Machi 1910, aliwaambia Wamisri kwamba taifa huchukua vizazi kufikia uwezo wa kujitawala, na wanafunzi wakaandamana hadi hotelini kwake. London, ukumbi wa Guildhall, tarehe 31 Mei, aliwaambia Waingereza waitawale Misri kwa mkono thabiti au waondoke, na akasema nyanda za juu za Afrika Mashariki zinaweza kufanywa nchi halisi ya mzungu.

Hiyo ilikuwa sentensi tu katika karamu. Lakini miaka minane kabla yake ilikuwepo sheria ya ardhi ya Kenya ya mwaka 1902, ulikuwepo mkataba wa 1904 uliowaondoa Wamasai Bonde la Ufa, na mwaka mmoja baada yake ukaja mkataba wa 1911 uliowatoa Laikipia. Aliyoyasema jukwaani kuhusu nyanda zetu, wengine walikuwa wanayaandika kwenye majalada.

Nirudi kwa wale askari. Walizeeka, wakafa mmoja mmoja, wengi wakiwa bado wanabeba karatasi ile. Dorsie Willis alikuwa miongoni mwa vijana wa kikosi. Baada ya kufukuzwa alihamia Minneapolis, jimbo la Minnesota, jimbo lile lile ambako Septemba 1901, kwenye maonyesho ya kilimo, Roosevelt alitoa usemi wake maarufu wa kuongea taratibu huku umeshika fimbo kubwa, usemi ambao alidai ni methali ya Afrika Magharibi. Willis alipiga viatu rangi na kufagia duka la kinyozi katika jengo la benki kwa karibu miaka 60. Akiulizwa alisema karatasi ile ilimzuia kujiinua maishani.

Mwandishi mmoja alifukua ushahidi na kuuchapisha mwaka 1970: maganda ya risasi yaliyookotwa yangeweza kutoka popote kambini, mashahidi waliodai kutambua sura za watu gizani hawakuweza kuziona. Mbunge Augustus Hawkins wa California akalibeba suala hilo. Tarehe 28 Septemba 1972 Jeshi la Marekani likafuta uamuzi wa 1906 na kuandika kwamba wote 167 wameachishwa kwa heshima. Fidia haikuwemo. Ilibidi Bunge lishinikizwe tena ndipo Willis, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 90, akapewa dola 25,000.

Walipomrudishia heshima yake hawakusema nani alifyatua risasi Brownsville, na mpaka leo haijulikani. Askari wale hawakuwahi kusimama mbele ya hakimu kusema "si mimi" na maneno yao yakaandikwa. Amri moja iliwaondoa, nyingine ikawarudisha, na katikati ya hizo mbili hakuna jalada la kesi.